Mpala: Kijiji Kilicholinda Jina Lake

Mtu akitafuta Mpala katika orodha ya miji ya Kongo, hataikuta. Si mji, si makao ya teritori, wala si komuni. Ni kijiji cha wavuvi na walimaji, kando ya ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, pale mto Lufuko unapoingia ziwani baada ya kushuka kutoka milima ya Marungu. Kaskazini, mbali kidogo, iko Kalemie. Kusini iko Moba. Na ng’ambo ya maji, karibu kuelekeana kabisa, iko Karema ya Tanzania. Watu wa Mpala hulima mihogo na mahindi, huvua ndagala usiku na kuwaanika mchangani asubuhi. Vijiji vya namna hiyo ni vingi sana kando ya ziwa letu.

Lakini hakuna kijiji kingine cha ufuko huu kilichotajwa mara nyingi namna hiyo katika historia ya Kanisa la Kongo ya mashariki. Waseminari wanajifunza kwamba misioni ya Mpala ilianza mwaka 1885, kisha wanaruka mpaka upadrisho wa Stefano Kaoze mwaka 1917. Mambo yaliyo katikati husemwa kwa haraka, na yale yaliyotangulia 1885 hayasemwi kabisa. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Maana Kanisa halikupewa pori tupu pale Mpala. Lilipewa boma, pamoja na bunduki, na askari, na vita vilivyokwisha kupigwa na mtu mwingine. Padri anayefanya kazi katika nchi hizi inafaa ajue alirithi kitu gani.

Tuanze na jina. Mahali penyewe wenyeji hupaita Lubanda. Mpala ni jina la sultani wa Watabwa aliyekaa hapo Wazungu walipofika. Wageni wakaita mahali kwa jina la mwenyewe, kama walivyofanya pengine pengi. Watabwa waliishi katika milima na ufukoni, wakiwa wamegawanyika katika koo, kila mkubwa na vijiji vyake vichache. Hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwaamuru wote. Waliheshimu mizimu ya nchi waliyoita ngulu, iliyokaa milimani na katika maporomoko ya maji.

Nchi iliyogawanyika hivyo ni rahisi kushikwa na wenye bunduki. Katika miaka ya 1870 biashara ya Ujiji ilikuwa imeshavuka ziwa. Wangwana na Waarabu walitafuta pembe za ndovu na watu. Na baadhi ya wakubwa wa hapa hapa waliona faida, wakawa wawindaji wa watu. Mkubwa wa hao katika Marungu alikuwa Lusinga. Mwingereza Joseph Thomson alipita kwake mwaka 1879 na kuandika habari zake kwa hofu. Tusimfanye Lusinga kuwa shujaa kwa sababu aliuawa na Mzungu. Vijiji alivyovichoma vilikuwa vya ndugu zetu, na watu aliowauza hawakurudi.

Mwaka 1876 mfalme Léopold II wa Ubelgiji alikusanya wataalam katika Bruxelles, akaanzisha Chama cha Kimataifa cha Afrika. Chama hicho kilijenga kituo Karema mwaka 1879. Baadaye akaja askari Mbelgiji, Émile Storms, akavuka ziwa, na tarehe 4 Mei 1883 akaanzisha kituo Mpala. Sultani Mpala alimkubali, wakachanjiana damu wakawa ndugu. Ndugu msomaji, simama kidogo hapa. Kwa Mpala, undugu wa damu ulikuwa na maana iliyo wazi: nimepata ndugu mwenye bunduki, atanisaidia juu ya wale wanaotuwinda, nami nitampa mahali pa kukaa na chakula. Kwa Storms, tendo lile lile lilikuwa mlango wa kumiliki nchi. Kila mmoja alishika ahadi kwa namna alivyoielewa, na katika kutoelewana huko boma likajengwa, kuta nene za udongo juu ya ziwa.

Storms na Lusinga hawakuweza kukaa katika nchi moja. Desemba 1884 Storms aliwatuma watu wake, kati yao rugaruga wa ng’ambo, wakamvamia Lusinga kijijini mwake na kumwua. Wakamkata kichwa, wakampelekea Storms. Naye hakukizika. Alikichukua mpaka Ulaya pamoja na vichwa vya wakubwa wengine wawili, na mwaka 1886 wataalam wa Bruxelles walikipima kama watu wanavyopima mifupa ya wanyama. Sanamu ya mti iliyokuwa ya Lusinga nayo ilichukuliwa, na mwishoni ikaingia katika jumba la makumbusho la Tervuren. Storms akapanda cheo akawa jenerali. Akafanyiwa sanamu ya shaba, ikasimama katika uwanja mmoja wa mji ule. Ilikuwa mwaka 2018 ndipo magazeti ya Ubelgiji yalipowakumbusha watu kwamba fuvu la Lusinga bado lilikuwamo katika taasisi ya elimu ya viumbe pale Bruxelles. Na mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa uwanjani.

Tunataja habari hizo kwa sababu wengine husema, “Hayo ni ya Storms, si ya Kanisa.” Ni kweli kwamba mapadri hawakumwua Lusinga. Lakini walihamia katika nyumba ya aliyemwua, miezi saba tu baadaye, na amani waliyoikuta pale ilikuwa imetokana na kifo hicho. Wenyeji hawakuona mpaka kati ya mgeni wa kwanza na wageni wa pili. Waliona boma ni lile lile.

Ilikuwaje? Mkutano wa Berlin, uliofanyika tangu Novemba 1884 hata Februari 1885, ulimpa Léopold II Kongo. Tangu hapo macho yake yaligeuka upande wa magharibi, kwenye mlango wa mto, na vituo vya ziwa vikawa mzigo kwake. Storms akaitwa kurudi. Karema na Mpala vikatolewa kwa Mapadri Weupe wa kardinali Lavigerie, waliokuwa wamefika ziwa Tanganyika mwaka 1879. Julai 1885 padri Moinet na mwenzake walipokea Mpala: kuta, bunduki, bustani, na watu walioishi chini ya ulinzi wa boma. Pamoja na hayo wakapokea jambo lisiloonekana, yaani mamlaka. Watu walioleta mashauri kwa Storms waliyaleta sasa kwa padri. Aliyekuja kuhubiri Injili alijikuta siku ya kwanza ni hakimu, tena mkubwa wa askari.

Lavigerie mwenyewe hakuyachukia hayo. Kwa muda mrefu alikuwa na mawazo ya kuanzisha ufalme wa kikristu katikati ya Afrika, chini ya mkubwa mwenye imani, ambamo watu wangepona na biashara ya watumwa. Mwaka 1888 alizunguka Ulaya, akihubiri Paris, London na Bruxelles juu ya ubaya wa biashara hiyo. Kwa Mpala alikuwa ameshamtuma mtu aliyemfaa: kapiteni Léopold Joubert.

Joubert alizaliwa mwaka 1842 katika Ufaransa. Alipokuwa kijana alijiunga na askari wa Papa, akapigana Castelfidardo mwaka 1860, akakaa katika kikosi cha Wazuavu mpaka Roma ilipochukuliwa mwaka 1870. Alifika Mpala Machi 1887. Mwaka 1888 alioa mwanamke mwafrika aitwaye Agnes, akazaa naye watoto, wala hakurudi tena kwao. Alikaa Mrumbi, jirani na Mpala, baadaye karibu na Moba, na huko alifariki tarehe 27 Mei 1927, mzee wa miaka 85. Wapo Wazungu wengi waliosema wanaipenda Afrika. Huyu alioa, akalima, akazeeka na kuzikwa humu.

Kazi yake ilikuwa ngumu. Alikuwa na askari wachache, wenyeji wa nchi, aliowafundisha mwenyewe, na baruti kidogo. Watu wa Rumaliza, aliyekuwa mkubwa wa Ujiji, walikuwa na bunduki nyingi kuliko yeye. Miaka ya 1890 hata 1892 ilikuwa ya hatari kabisa. Misioni ingeweza kufagiliwa yote. Ndipo vyama vya Ubelgiji vya kupinga utumwa vilipotuma watu kumsaidia; mmoja wao, kapiteni Jacques, alianzisha Albertville mwishoni mwa 1891. Baadaye askari wa Serikali, ile watu waliyoiita Bula Matari, waliwashinda wafanya biashara wa watumwa katika nchi yote ya mashariki, na misafara ya minyororo ikakoma ufukoni.

Basi tusemeje? Wapo wanaolaumu kila padri aliyekaa karibu na bunduki. Tunawauliza: mama aliyekimbia na mtoto mgongoni, akakuta mlango wa boma wazi, angetaka padri afanye nini? Afunge mlango, asali? Wakati huo ukuta ulikuwa tendo la mapendo. Hata hivyo ukuta una tabia yake. Hatari ikiisha, wenyewe wanauzoea. Serikali ilichukua hukumu kidogo kidogo, lakini katika akili ya watu misioni ilibaki makao ya mkubwa, na katika akili ya mapadri pia. Kengele iliamuru saa ya kulima kama ilivyoita watu kwa sala. Aliyehama bila ruhusa alionekana kuwa mwasi. Mpaka leo katika paroki zetu mkristu mwenye shauri la shamba au la mahari huenda kwa padri kabla ya kwenda kwa mkubwa wa kijiji, na padri kijana hufurahi kuona anavyoheshimiwa. Asifurahi upesi.

Na hao waliokaa ndani ya kuta walikuwa nani? Hilo ndilo swali tunalolipenda zaidi, na ndilo linaloulizwa mara chache. Wengi walikuwa watoto waliokombolewa. Mapadri walinunua watoto kwa vitambaa na bidhaa nyingine, katika soko la Ujiji au kwa misafara iliyopita. Wengine walinyang’anywa wafanya biashara vitani, wengine walikimbia wenyewe. Hawakuwa wa kabila moja. Wengine walitoka Manyema, wengine Uluba, wengine mbali kuliko walivyoweza kukumbuka, kwani mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka mitano hajui jina la mto wa kwao. Walipewa chakula, shule, mafundisho ya dini. Walipokua walioana wao kwa wao, wakapewa shamba na nyumba. Hivyo kikatokea kijiji cha watu wasio na mjomba wala babu mahali pale.

Watabwa waliwatazama kama watu wasio na ukoo. Katika nchi ambamo mtu hujulikana kwa ukoo wa mama yake, hilo si jambo dogo: nani atasimama siku ya msiba, nani atapokea mahari, nani atamtambulisha mtoto kwa wazee? Wakristu wa kwanza walimjibu kila mtu kwamba ubatizo umewapa jamaa. Wazazi wa ubatizo wakawa wajomba. Tumezoea kuhubiri kwamba Kanisa ni jamaa ya Mungu, nasi husema hivyo kama mfano mzuri. Kwa wale wa Mpala haukuwa mfano, hawakuwa na jamaa nyingine.

Tena hawakubatizwa haraka. Lavigerie aliagiza miaka minne ya matayarisho, miwili ya kwanza ya kujaribiwa na miwili ya ukatekumeni, akawa mkali juu ya hilo. Kati ya padri na watu hao alisimama katekista. Padri alikuwa na homa, hakujua lugha vizuri, na mara nyingi alikufa mapema: askofu Charbonnier alifariki Karema mwaka 1888, na Bridoux aliyemfuata alifariki mwaka 1890. Katekista alibaki. Ng’ambo, Karema, alikuwako Adrien Atiman, aliyeuzwa utumwani alipokuwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasoma uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Yeye jina lake limeandikwa. Wa Mpala walio wengi majina yao hayamo katika vitabu tunavyosoma.

Kwa kuwa watu hao hawakuwa na lugha moja ya mama, Kiswahili kikawa lugha ya boma, ya shule na ya sala. Ni jambo la ajabu kidogo: lugha iliyoletwa na misafara iliyowafunga ndiyo waliyoungamia dhambi zao. Nje ya kuta watu waliendelea na Kitabwa, na mapadri wengine walikijua vizuri. Padri Auguste Van Acker alikitungia kamusi iliyochapwa mwaka 1907. Walakini Kiswahili kilishinda. Kila mara tunapofundisha katekisimu kwa Kiswahili katika nchi hizi, tunafuata njia iliyokatwa na hao watoto wasio na kwao.

Mwaka 1892 alifika padri Victor Roelens, Mbelgiji wa Flandria, mtu wa amri na wa kazi. Mwaka 1893 ilianzishwa Baudouinville, huko Kirungu, juu ya Moba, penye hewa nzuri na udongo mzuri. Mwaka 1895 Roelens aliwekwa kuwa mkuu wa vikariati ya Kongo ya Juu, na Baudouinville ikawa makao yake. Hapo Mpala ikaanza kuwa ndogo. Lakini kabla ya kupoteza nafasi yake, mwisho wa karne ya 19, ilipewa jambo moja kubwa: vijana wachache wakaanzishwa masomo ya kilatini humo humo, iwe seminari ndogo.

Monsinyori Roelens hakuwa mtu wa kuamini Waafrika kwa urahisi. Maandiko yake mengine juu yetu yanauma kuyasoma. Hata hivyo aliwafungulia vijana mlango wa upadri wakati ambapo Wazungu wengi wa Kongo waliona jambo hilo ni kichekesho. Mambo yote mawili ni ya kweli, na mwenye kuandika historia asifiche moja ili apate kusifu au kulaumu vizuri zaidi.

Stefano Kaoze, kijana wa Marungu, alibatizwa mwaka 1900 na kuingia katika seminari ya Mpala mwaka uliofuata. Hakuwa mtoto wa kukombolewa. Alikuwa Mtabwa wa nchi, mwenye ukoo wake. Alijifunza kilatini na kifaransa, akasoma filosofia na teolojia miaka mingi, tena mingi kuliko Mzungu angalivyodaiwa. Akiwa bado mseminari aliandika makala juu ya fikra za Wabantu, iliyotokea katika La Revue congolaise miaka 1910 na 1911, kwa msaada wa padri Vermeersch, Mjezuiti. Tarehe 21 Julai 1917 alipadrishwa Baudouinville, padri wa kwanza katika Kongo tangu enzi za ufalme wa kale wa Kongo. Barua ya Papa Benedikto XV Maximum illud, iliyoamuru misioni zote zitayarishe mapadri wenyeji, ilitoka Novemba 1919. Tunapenda kukumbusha kwamba Marungu haikungoja barua hiyo.

Lakini wakati huo seminari haikuwa tena Mpala. Malale yalikuwa yameingia ufukoni mwanzoni mwa karne ya 20, yakaua watu wengi sana. Vijiji vingine vikaachwa, watu wakapanda milimani. Seminari ndogo ilihamishwa mwaka 1905 ikapelekwa Lusaka, misioni ya juu milimani. Kisha njia ya gari la moshi kutoka Kabalo ikafika Albertville mwaka 1915, na biashara yote ya ziwa ikaenda bandarini huko. Mpala haikuwa na reli, wala askofu, wala seminari. Ilibaki na kanisa lake, kuta za zamani, na wavuvi.

Watu wakubwa wa wakati ule walipenda kuandika majina yao juu ya nchi. Kibanga, kaskazini, iliitwa Lavigerieville. Iliachwa kabla karne ya 19 haijaisha. Mrumbi ya Joubert iliitwa Saint-Louis. Baudouinville na Albertville ziliitwa kwa majina ya ndugu wawili, watoto wa mdogo wake Léopold II. Majina hayo yametoka katika ramani, ya miji ile miwili baada ya uhuru wa 1960. Mpala inaitwa bado kwa jina la yule sultani aliyechanjia damu na mgeni.

Kuna kazi iliyosalia, nasi tunaitoa kwa waseminari wa dioseze ya Kalemie-Kirungu na kwa makatekista wa ufuko. Wakati wa likizo nendeni kwa wazee, si kwa kuwauliza habari za Joubert tu, maana hizo ziko vitabuni. Waulizeni babu zao walikombolewa wapi, waliitwaje kabla ya kuitwa Petro na Maria, nani alikuwa mzazi wao wa ubatizo, na katekista wa kijiji alikuwa nani. Padri wa paroki akiruhusu, linganisheni maneno yao na vitabu vya zamani vya ubatizo na vya ndoa. Andikeni kwa kalamu nyeusi, kwenye karatasi nzuri, mkitaja siku na jina la aliyesema. Ndagala wakiwa wengi, wavuvi hulala mchana; basi nendeni jioni, kabla hawajasukuma mitumbwi majini.